Furaha ya Nelius

Mvua ya usiku ilikuwa imeyaosha majani ya makadamia yakang'aa, na ndiyo sababu Nelius hakutambua mara moja kwamba miti yenyewe ilikuwa imelala chini. Alikuwa anaelekea zizini na ndoo ya kukamulia, kitambaa cha kichwa amekifunga haraka haraka, mawazo yake yakiwa kwa ng'ombe. Kisha akasimama. Upande wa pili wa maua ya mpaka, katika shamba la shemeji yake Nyamu, mahali palipokuwa na kivuli kizito jana palikuwa na mwanga mtupu. Mstari mzima wa miti ulikuwa umekatwa kwa msumeno, usawa wa goti. Matawi yaliyobeba njugu za kwanza yalikuwa yamelalia matope, na unga wa mbao uliolowa ulikuwa umetapakaa kuvizunguka visiki.

Kitu kilichompita moyoni wakati huo kilikuwa kitamu. Hakukiita kwa jina. Kilipita upesi, chenye joto, kama chai inavyoteremka kooni siku ya baridi, na mdomo wake ukataka kutabasamu. Sasa kahawa yangu itaona jua, alijisemea. Ndipo mlango wa jikoni kwa Nyamu ulipofunguka, akatoka Gladys, mke wa Nyamu, amebeba karai la majivu. Gladys aliona. Akaliacha karai lianguke, akaenda polepole mpaka kwenye mti wa kwanza, akakaa juu ya shina lake kama mtu aliyefika matangani. Hakupiga kelele. Alishika shavu tu.

Nelius aliingia zizini kimyakimya, akainama chini ya ng'ombe. Alikuwa na mazoea ya kusali akikamua, maneno yakifuatana na mikono yake. Asubuhi hiyo mikono ilikwenda, maneno hayakwenda.

Mashamba hayo mawili, juu kidogo ya Kianjokoma, yalikuwa zamani shamba moja la baba mkwe wake. Mzee alipofariki, wanawe wawili waligawana kwa macho: Nyamu, mkubwa, upande wa juu, Gichovi, mume wa Nelius, upande wa chini. Kwa muda mrefu hakukuwa na neno. Kisha Nyamu akapanda makadamia kandokando kabisa ya mpaka, miti ikakua, kivuli chake kikavuka na kuilalia kahawa ya Nelius hata mistari miwili ikaanza kuzaa matunda machache, membamba. Nelius alisema kwa upole, akasema tena kwa ukali, na mwishowe, siku chache kabla ya mvua hiyo, alisema kiwandani mbele ya watu waliokuwa wamepanga foleni na magunia yao ya kahawa. "Miti yako haitazaa mara ya pili, Baba Sheila," alimwambia Nyamu. "Mungu ananiona."

Hakuwa mwanamke wa maneno ya hovyo. Alikuwa kiongozi katika umoja wa akina mama wa kanisa, na Jumapili nyingi ndiye aliyesimama mbele kusoma somo, kwa sauti iliyotulia, bila kugugumia. Pengine ndiyo sababu maneno yale ya kiwandani yalikaa vichwani mwa watu. Kufikia saa sita mchana siku ile, hakuna aliyekuwa hajayakumbuka.

Chifu alikuja, akatazama visiki, akawahoji Nelius na Gichovi, akasema hana ushahidi wa kumpeleka mtu popote. Mvua ilikuwa imefunika kila sauti na kufuta kila wayo. Nyamu hakuridhika. Alipeleka shauri kwa wazee wa ukoo, na wazee wakakaa, wakamsikiliza, wakatoa uamuzi ambao watu wengi walidhani ulikwisha kuzikwa pamoja na babu zao: ipigwe thenge. Atatafutwa beberu mweusi asiye na doa. Nelius atashika jiwe, atavunja mifupa ya beberu huyo angali hai, huku akijiapiza kwamba ikiwa ndiye aliyekata miti, au akijua aliyekata, basi naye avunjike vivyo hivyo, yeye na uzao wake. Zamani, mwenye hatia hakuthubutu. Asiye na hatia alipiga, akaenda zake, na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kumnyooshea kidole tena.

Gichovi alileta habari hizo jioni, akavua viatu vyake vya kazi vilivyojaa saruji, akakaa karibu na moto. Alikuwa fundi wa ujenzi, mtu wa maneno machache, aliyependa jambo linyooke kama anavyopenda ukuta unyooke.

"Wamesema Jumanne," alisema.

"Nimesikia."

"Mimi naona ni heri. Utapiga, itaisha."

Nelius aliendelea kumenya viazi. "Sitapiga, Baba Kaari."

Gichovi alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Hukukata miti ile."

"Sikukata."

"Humjui aliyekata."

"Simjui."

"Basi unaogopa nini? Beberu hatakudhuru."

"Najua hatanidhuru. Siogopi." Aliweka kisu chini. "Mimi Jumapili huwasomea watu, nikawaambia Mungu anaona, Mungu anatosha. Nikishika jiwe Jumanne, nitakuwa nimewaambia kwamba anatosha Jumapili tu."

"Watu watasema wewe ndiye."

"Watasema."

"Nyamu ni ndugu yangu, Nelius. Tumetoka tumbo moja. Unaniweka wapi?"

Swali hilo hakulijibu, kwa kuwa hakuwa na mahali pa kumweka.

Siku zilizofuata, kila aliyekutana naye alikuwa na ushauri. Jirani aliyekuja kununua maziwa alimwambia apige halafu atubu, maana Mungu anajua mambo ya nyumbani. Kasisi alimpigia simu, akasema kwamba yeye haungi mkono mambo ya thenge hata kidogo, ila hataki pia kanisa lionekane linapigana na ukoo, kwa hiyo atamwombea tu hekima. Ciakuthii, mwenyekiti wa umoja wa akina mama, mwanamke mkubwa wa umbo na wa moyo, alikuja mwenyewe, akaketi, akakunywa chai yote, kisha akasema, "Kataa. Sisi tuko nyuma yako. Simama wima, sema hapana, rudi nyumbani."

Nelius alishukuru. Maneno ya Ciakuthii yalimwongezea nguvu, na kwa siku moja au mbili alitembea akiwa amenyoosha shingo. Alijiona kama wale watu wa imani aliozoea kuwasoma kwa sauti yake tulivu, wanaosimama peke yao mbele ya umati. Kulikuwa na utamu fulani katika jambo hilo, na utamu huo haukumpendeza alipoutambua. Ulifanana mno na ule mwingine.

Jumapili kabla ya siku yenyewe, alikaa katika benchi lake la kawaida. Gladys alikuwa nyuma yake, mabenchi mawili hivi. Alimjua kwa kikohozi. Wakafika mahali ambapo waumini wote hukiri dhambi kwa pamoja, maneno ambayo Nelius aliyajua tangu ubatizo wake na ambayo ulimi wake uliweza kuyasema hata akiwa anawaza bei ya mbolea. Katika maneno hayo mawazo hutajwa kwanza, kisha ndipo hufuata matendo. Alikuwa ameyatamka maisha yake yote kwa mpangilio huo, na hakuwahi kujiuliza kwa nini. Siku hiyo alisikia sauti ya Gladys ikiyasema nyuma yake, chini chini, sauti ya mtu aliyechoka, naye akanyamaza katikati ya sentensi.

Aliona upya asubuhi ile. Aliona karai linaanguka. Akaona kwamba thenge, hata kama angeipiga mara mia, ingeuliza habari za mkono wake tu, na mkono wake ulikuwa safi. Na kule kukataa kwake, kwa shingo iliyonyooka hivyo, kungeuliza vilevile habari za mkono. Iwe angepiga au angekataa, kile kitu kitamu kingebaki mahali kilipo, kimefunikwa vizuri, na yeye angeendelea kusimama mbele ya watu na kusoma.

Alitoka kanisani bila kusalimia watu. Njiani alijaribu kujibishana na nafsi yake. Nani hufurahi kwa kupenda? Furaha ya namna ile hujia tu, kama chafya. Nyamu alikuwa amemwonea kwa miaka. Na hakuna mtu duniani aliyemwona akitaka kutabasamu. Kila hoja ilikuwa na akili. Alizipanga zote mpaka akafika nyumbani, na alipofika aliona hajasogea hata kidogo.

Mahali palipochaguliwa palikuwa ng'ambo ya kijito, kwenye ardhi isiyolimwa, kwa kuwa watu waliamini kwamba hakuna kitakachoota vyema mahali pa kiapo kama hicho. Watu walikuwa wengi kuliko alivyotarajia, wengine wakiwa wale wale waliokaa naye kanisani juzi, wamesimama nyuma kidogo, kofia zimeshushwa. Beberu alikuwa amefungwa kwenye mzizi, anatafuna majani bila wasiwasi. Jiwe lilikuwa kando yake. Nyamu alisimama mbele, mikono mifukoni. Gladys alikaa kwenye nyasi pamoja na wanawake wengine. Gichovi alikuja, lakini alisimama mbali, karibu na njia ya kurudia.

Mzee Kithaka ndiye aliyeongoza. Alikuwa dereva wa lori la majani chai kabla ya kustaafu, na bado alizungumza kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikika juu ya injini.

"Mama Kaari, unajua tumekuja kwa ajili ya nini."

"Najua, mzee."

"Miti ya ndugu ya mume wako imekatwa. Wewe unasemaje?"

"Sikukata. Sikumtuma mtu. Na aliyekata simjui."

"Basi chukua jiwe."

"Sitalichukua, mzee."

Minong'ono ilipita kati ya watu. Nyamu alicheka kicheko kikavu. "Mnaona wenyewe," alisema.

"Nimesema mbele ya Mungu na mbele yenu," Nelius aliendelea. "Juu ya kukata, sina neno la kuongeza, na beberu huyu hana la kuniongezea. Kama mtanishuku, nitaishi nanyi hivyo hivyo."

Angeweza kugeuka wakati huo. Kwa mbali alimwona Gichovi amekwisha geuka, anaanza kupanda mteremko. Miguu yake mwenyewe ilitaka kumfuata. Aliona wazi kwamba lililokuwa gumu halikuwa lile alilokwisha kulisema.

"Lakini kuna jambo ambalo hamkuniuliza," alisema.

Kithaka aliinua uso.

"Asubuhi ile niliiona miti kabla ya mtu mwingine kuiona. Nilikuwa nakwenda kukamua. Nilipoiona imelala nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikataka kucheka. Kisha Mama Sheila akatoka, akaona, akaketi juu ya mti, nami nikamwona ameshika shavu, nikaingia zizini nikajifanya sikumwona." Sauti yake, ile sauti iliyotulia ya Jumapili, ilikuwa imekwaruza, hakujaribu kuitengeneza. "Baba Sheila, miti yako sikuigusa. Ila nilitamani ianguke, nikasema mbele za watu, na ilipoanguka nilifurahi. Hilo nililitenda. Kwa hilo naomba mnisamehe, wewe na Mama Sheila."

Gladys alikuwa ameinua kichwa na kumkazia macho, na katika macho hayo Nelius hakuweza kusoma chochote.

"Amekiri," mtu mmoja alisema nyuma.

"Nyamaza," Kithaka alimkata. Akamgeukia Nelius. "Nisikie vizuri. Umesema ulikata, au umesema ulifurahi?"

"Nilifurahi, mzee."

Kithaka alilitazama jiwe kwa muda mrefu, kisha akamtazama beberu, kama dereva anayetazama njia iliyokatika mbele yake. "Thenge haina mahali pa kuweka furaha," alisema hatimaye. "Na haipigwi upande mmoja ukikataa." Alifungua kamba, akamkabidhi Nyamu. "Mrudishe beberu nyumbani. Shauri la leo limekwisha."

Lilikwisha kwa wazee, halikuisha kwa watu. Neno "amekiri" lilipanda mteremko kabla ya Nelius mwenyewe, na alipofika barabarani lilikuwa limemtangulia madukani. Gichovi alimsubiri langoni.

"Ungepiga, ingekuwa imekwisha," alisema.

"Mbele ya watu tu."

"Na sisi tunaishi na nani? Si watu?" Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyebeba kitu kizito akiuliza mahali pa kukitua. Siku hiyo hiyo, mwenye nyumba aliyokuwa anaijenga alimpigia simu kumwambia asimamishe kazi kwanza, mpaka mambo yaeleweke.

Ciakuthii alirudi. Safari hii hakumaliza chai yake.

"Ulikuwa umekataa vizuri," alisema. "Umesimama, umesema hapana, kila mtu ameona. Si ungeishia hapo? Nani alikuuliza habari za furaha?"

"Hakuna aliyeniuliza."

"Sasa wanasema kiongozi wa akina mama ndiye aliyekata miti. Kasisi anaona ni vyema upumzike kidogo. Usisome kwa sasa. Si adhabu, Mama Kaari. Ni kupumzika."

"Nitakuja kama kawaida," Nelius alisema. "Nitakaa nyuma."

"Unajuta?"

Nelius alifikiri, kwa kuwa Ciakuthii alikuwa mtu mwema na alistahili jibu la kweli. "Naona aibu kila ninapotoka nje," alisema. "Lakini nikisali, nasali."

Hivyo ndivyo alivyoishi miezi hiyo. Alikwenda kanisani, akakaa benchi la mwisho karibu na mlango, akamsikiliza mtu mwingine akisoma somo na kukwama kwenye majina magumu. Kila asubuhi alipokutana na Gladys kwenye mpaka alimwamkia, na kila asubuhi Gladys alipita bila kuitikia. Wateja wengine wa maziwa walihamia kwingine. Binti yake Kaari, aliyekuwa shule ya bweni, alipiga simu kuuliza kama ni kweli waliyomwambia wenzake, naye Nelius akamweleza yote kuanzia mwanzo, hata ile sehemu ya kutaka kutabasamu. "Sawa, Mami," Kaari alisema mwishowe. "Bora nimesikia kwako."

Zilikuwapo siku alizoamka na kujiuliza alikuwa ametafuta nini. Kujiuliza huko hakukumtia unafuu. Alifunga kitambaa chake, akashika ndoo, akatoka. Aliona kwamba imani aliyokuwa akiifahamu zamani ilikuwa imemfaa sana alipokuwa anatazamwa kwa heshima. Hii ya sasa haikuwa na mtazamaji, na ilimbidi aianze upya kila alfajiri, kama moto wa kuni mbichi.

Kisha kahawa ikaiva. Mwaka huo iliiva kwa mkupuo, matawi yakainama kwa wekundu, na kahawa iliyoiva haimsubiri mtu. Isipochumwa hudondoka au hukaukia mtini. Desturi ya kijiji ilikuwa kuchumiana kwa zamu: leo kwako, kesho kwangu. Nelius alikwenda kwenye zamu za wenzake wote waliokubali aende, akachuma tangu asubuhi hadi jioni. Ilipofika zamu yake, hakuja mtu.

Aliingia shambani peke yake na kikapu kiunoni. Alianza na mstari wa juu kabisa, ule wa kandokando ya mpaka, ambao sasa ulikuwa na jua tele. Hakupenda kuutazama ulivyozaa vizuri. Alichuma kwa mikono miwili, vidole vikichagua nyekundu na kuacha za kijani. Ilipita siku nzima hivyo, na kesho yake, na mgongo ukawa unawaka moto. Siku ya tatu alisikia matawi yanasogea chini ya shamba. Gichovi alikuwa amefunga gunia kiunoni, vidole vyake vinene vya ufundi vinachuma polepole na vibaya.

Hawakuongea mpaka walipokaa kunywa uji.

"Umeacha kazi ya kutafuta kazi?" Nelius aliuliza.

"Nimechoka kusimama madukani nikisikiliza watu." Gichovi alipuliza uji wake. "Jana mmoja aliniuliza, mke wako kama hakukata, mbona aliomba msamaha? Nikamwambia, mimi nimeishi naye miaka yote hii, na hajawahi kuniomba msamaha kwa jambo ambalo hakulifanya. Hata yale aliyoyafanya huwa ni shida." Alisema hayo bila kutabasamu, lakini Nelius alicheka, mara ya kwanza baada ya majuma mengi, mpaka uji ukamwagika.

Nyamu alikuja siku mbili baadaye, kabla ya saa nne asubuhi. Hakuvuka mpaka. Alizunguka kwa barabara, akaingia kwa lango kama mgeni, akapanda shamba hadi mahali Nelius alipokuwa. Gichovi alikuwa mbali upande wa chini. Kofia yake ndiyo iliyoonekana tu, ikisogea kati ya majani. Nyamu alikuwa amekonda. Alivua kofia yake, akaikunja, akaikunjua.

"Mama Kaari."

"Baba Sheila. Karibu."

"Ile siku ya kijito. Ulisema kweli, au ulisema ili watu wakuonee huruma?"

"Uliona mtu akinionea huruma?"

Nyamu alitoa sauti ambayo ingeweza kuwa kicheko. Akatazama chini. "Gladys amekuwa akiniambia kwamba hukukata. Tangu siku ile. Anasema aliyekata miti angechukua jiwe, au angekimbia. Hangesema vile."

"Mama Sheila hajawahi kuniitikia salamu."

"Hajui aitikie nini." Ndege walikuwa wanagombana kwenye mti wa parachichi huko nyuma. "Mimi nami kuna jambo. Sijamwambia mtu. Wala Gladys."

Nelius aliendelea kuchuma, kwa sababu aliona mtu huyo angeshindwa kusema kama angetazamwa.

"Ule mwaka Gichovi alipoanguka kutoka kwenye jengo kule Embu mjini, akalazwa. Daktari aliniita mimi kando, kwa kuwa ndimi mkubwa, akaniambia nijiandae kwa lolote. Nikaja kwenu wodini, nikakwambia uwe na imani."

"Nakumbuka. Ulinishika mkono."

"Nilikushika mkono. Kisha nikarudi nyumbani, nikaingia shamba hili kwa pale chini, nikalipima kwa hatua. Kutoka kwangu mpaka barabarani. Nilitembea nikiwaza nitapanda nini, na wapi." Aliikunja tena kofia. "Ndugu yangu alikuwa anakufa, nami nilikuwa na furaha. Nilikuwa napiga mluzi, Mama Kaari."

Mikono ya Nelius ilisimama. Alijiona katika wodi ile, amekaa kwenye kiti cha chuma, anasikiliza pumzi ya mume wake kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni gizani, akimshukuru Mungu kwa kumpa shemeji wa kumshika mkono. Hasira ilimpanda kwa nguvu iliyomtisha. Alitambua pia mahali ilipotokea. Palikuwa pale pale palipotokea ule utamu. Alitazama kiganjani akaona amechuma tunda la kijani.

"Kwa nini unaniambia mimi?" aliuliza.

"Kwa sababu wewe ulijua pa kuanzia. Mimi sijui."

Alitaka kumwambia atoke. Maneno yalikuwa tayari, mafupi, na yalikuwa ya haki. Alikaa nayo mdomoni kwa kitambo, akiuhisi uzito wake, kisha akayameza, nayo hayakumezeka kwa urahisi.

"Siwezi kukujibu leo, Baba Sheila," alisema. "Nikikujibu leo nitakudanganya."

"Sikuja kutafuta jibu."

"Na si mimi wa kuambiwa hayo kwanza."

Nyamu alitazama kofia ya ndugu yake kule chini. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetazama mto uliojaa.

"Mstari huu hauna mtu," Nelius alisema, akafungua kikapu chake cha akiba na kumnyooshea bila kumtazama usoni. "Unateremka mpaka pale alipo. Ukianza sasa, utakuwa umemfikia kabla ya chai."

Nyamu akavua koti, akalitundika kwenye tawi, akafunga kikapu kiunoni. Hakuwa ameshika kahawa ya upande huu tangu baba yao alipofariki. Nelius alirudi kwenye mstari wake. Hasira yake ilikuwa bado ipo, naye hakujifanya kwamba haipo. Alichuma tu, nyekundu, nyekundu, akiacha za kijani, huku masikio yake yakifuata mlio wa matunda yaliyokuwa yanaanguka ndani ya kikapu kitupu, moja moja kwanza, kisha kwa haraka zaidi, ukiteremka kati ya majani kuelekea kwa Gichovi.